AMANA YA MTOTO NA CHOMBO KISEMACHO: Mas'ala ya Akili Mnemba katika Ulezi wa Watoto Wenye Usonji

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyewaumba wanadamu wakiwa mbali mbali kwa ndimi zao na kwa tabia zao. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: limezuka katika zama hizi swali ambalo wazee wa kale hawakuulizwa. Chombo kisicho na roho kimefundishwa kusema kwa lugha za watu, na Kiswahili ni moja katika hizo. Mtu hukiuliza kwa simu yake, nacho humjibu kana kwamba ni mwanadamu. Watu hukiita akili mnemba, na wengine husema akili bandia. Popote ifikapo simu yenye intaneti, chombo hiki nacho hufika. Na simu hizo zimo katika Nachingwea na Ruangwa, bara ya Lindi, kama zilivyomo Dar es Salaam.

Swali ni hili: Mzazi mwenye mtoto wa usonji, aliye mbali na mabingwa wa hali hiyo, je, yafaa akitake chombo hiki msaada katika kumlea mtoto wake nyumbani? Na kama yafaa, mpaka wake ni wapi? Si swali dogo, kwani ndani yake mna mtoto asiyeweza kujisemea, na mama aliyechoka, na baba ambaye ataulizwa.

FASILI YA KWANZA
Katika kuijua hali yenyewe

Hukumu ya jambo haitolewi illa baada ya jambo lenyewe kujulikana. Usonji, ambao Waarabu huuita tawahhud, yaani kuwa peke yake, ni hali ya ubongo inayoanza tangu utotoni, nayo hugeuza njia ya mtoto ya kusema, na ya kuwaelekea watu, na ya kuyapokea yale ayaonayo na ayasikiayo. Mtoto huitwa jina lake wala hageuki, na masikio yake ni mazima. Haonyeshi kitu kwa kidole kama waonyeshavyo wenziwe. Hupanga vifuniko vya chupa mstari mmoja saa nzima, na kikiondolewa kimoja hulia kana kwamba amefiwa. Mwingine hurudia maneno aliyoambiwa badala ya kuyajibu. Mwingine hasemi kabisa. Na mwingine husema vizuri, na huhifadhi mambo ambayo watu wazima huyasahau, walakini hawezi kukaa penye kelele. Hawalingani, na mwenye kumjua mmoja hajawajua wote.

Tabibu Leo Kanner wa Baltimore, katika Marekani, aliieleza hali hii mwaka 1943 kwa kutoa khabari za watoto 11; na kabla yake, katika miaka ya 1920, tabibu mmoja mwanamke wa Moscow, Grunya Sukhareva, alikuwa amekwisha kuandika juu ya watoto wa namna hiyo. Shirika la Afya Duniani lakisia kuwa katika mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 alikuwa na usonji. Basi si jambo la nchi moja wala la ukoo mmoja. Sababu zake ni nyingi, na iliyo kubwa ni ya maumbile na urithi. Hauambukizi. Wala hauletwi na chanjo: makala ya mwaka 1998 iliyoufungamanisha usonji na chanjo ya surua, katika jarida la Lancet la Uingereza, ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010.

Wala si kosa la mama. Hapa yampasa msomaji asimame kidogo. Kwa miaka mingi baada ya Kanner, mabingwa wengi wa Marekani na Ulaya walimlaumu mama, wakisema kuwa ubaridi wa moyo wake ndio uliomfunga mtoto. Aliyetoka kuivunja hoja yao, kwa kitabu alichokitoa mwaka 1964, ni Bernard Rimland, ambaye alikuwa mtu wa ilimu ya nafsi, na tena alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji. Baba huyo hakukaa kando na kuiacha lawama imwangukie mkewe; alisoma, akapima, akaandika, hata ile kauli ikaanguka.

Na asicheke mtu wa pwani akasema kuwa huo ni ujinga wa wengine. Katika pwani na bara yake wako wasemao kuwa mama alikula kitu asichopaswa kula, au alipita mahali asipopaswa kupita, au mtoto ana jini. Kuamini kuwako kwa majini ni jambo moja, na kumhukumia mtoto fulani kuwa ana jini, bila ya dalili, ni jambo jingine. Hukumu hiyo humfanya mtoto afichwe chumbani na mama abebeshwe lawama. Na fedha ambazo zingempeleka kwa tabibu kupimwa masikio, au kutibiwa kifafa ambacho mara nyingi hufuatana na hali hii, huishia kwa waganga.

FASILI YA PILI
Katika mzigo na mwenye kuubeba

Nachingwea na Ruangwa ni nchi ya wakulima, nchi ya korosho na ufuta, wakazi wake wengi ni Wamwera, na Waislamu na Wakristo hukaa mtaa mmoja. Wako watu wengi wa Lindi na Kilwa na Mtwara wenye ndugu huko, au wakwe, au mashamba, au biashara. Basi khabari za nyumba za huko si za mbali kwao.

Mabingwa wa makuzi ya watoto ni wachache katika Tanzania nzima, na wengi wao wako Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 500 kutoka Nachingwea. Mwenye kwenda hutaka nauli ya watu wawili, na pahala pa kulala, na siku za kuacha shamba. Akisha kuonana na bingwa kwa saa moja, hurudi nyumbani. Na mtoto hukaa naye saa zote zilizobakia za mwaka. Wala hakuna dawa ya kuuondoa usonji. Kilichopo ni malezi: kufuata kile mtoto akitazamacho na kumwambia jina lake, kusema maneno machache na kungoja, kumwonyesha kwa picha kabla ya kumwambia, kuipa siku utaratibu mmoja asioshtushwa nao, kumsifu akijaribu, na kuchunguza ni nini hutangulia kila anapolia. Shirika la Afya Duniani limetunga mafunzo ya mambo haya kwa walezi, ya vikao 9 vya pamoja na ziara 3 za nyumbani. Na msingi wake ni kwamba mlezi wa kawaida, asiye tabibu, aweza kujifunza na akafaa.

Basi hospitali ya mtoto huyu ni nyumba yake, na tabibu wake wa kila siku ni mlezi wake. Na mlezi huyo ni nani? Katika nyumba nyingi ni mama peke yake. Baba hutoka alfajiri na kurudi usiku, naye hudhani kuwa chakula alicholeta kimemaliza wajibu wake. Wakati wa palizi mama hana wa kumwachia mtoto: akimchukua shambani, hukimbilia barabarani, akimwacha nyumbani, huogopa kisima na moto. Na mahali pengi duniani mama aliyekosa msaada amemfunga mwanawe kamba kitandani, si kwa ukatili bali kwa kushindwa. Kamba ile ni aibu ya wote waliokuwako wasisaidie, kabla ya kuwa aibu yake.

FASILI YA TATU
Katika chombo, faida yake na khatari yake

Chombo hiki kimelishwa maandishi mengi mno, yasiyosomeka na mtu mmoja kwa umri wake wote, kikajifunza neno gani hufuata neno gani. Kwa njia hiyo hutunga jawabu. Hakioni mtoto, hakisikii kilio chake, wala hakijui kwa maana ya kujua kwa mwanadamu.

Hata hivyo faida yake haikanushiki. Mama asiyeweza kusoma vizuri aweza kukiuliza kwa sauti, akajibiwa kwa sauti. Humfafanulia karatasi ya tabibu iliyoandikwa kwa maneno magumu. Humtungia kisa kifupi cha kumwandaa mtoto kwa jambo geni, kama kunyolewa nywele au kwenda kliniki. Humpangia picha za siku: kuamka, kunawa, kula uji, kwenda kwa bibi. Humwandalia daftari la mambo ya mtoto, ili siku ya kumwona bingwa ile saa moja isipotee katika kukumbuka. Na ziko programu ambazo mtoto asiyesema hubonyeza picha ya maji, na simu ikasema: maji. Mzazi aliyekaa miaka sita bila ya kujua kama mwanawe ana kiu au ana maumivu, huijua thamani ya neno moja kama hilo.

Ama khatari yake ya kwanza ni kwamba husema kweli na uwongo kwa sauti moja. Wanavyuoni wa Hadithi hawakupokea neno kwa uzuri wake. Waliuliza: nani kalisema, na yeye kalisikia kwa nani, na kila mpokezi alikuwa mkweli na mwenye kuhifadhi? Neno zuri lisilo na isnadi waliliweka kando. Chombo hiki husema bila ya isnadi. Huchanganya kauli ya tabibu mahiri na porojo ya mtu wa sokoni, kikazipika pamoja, kikampa muulizaji chakula kimoja chenye harufu njema.

Ya pili ni kwamba mengi kiliyolishwa yametoka nchi nyingine, kwa watu wenye nyumba nyingine na desturi nyingine. Kimwera, kisicho na maandishi mengi, hakikijui illa kidogo. Na mama wa Ruangwa pengine humbembeleza mwanawe kwa Kimwera.

Ya tatu ndiyo iliyojificha. Katika mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu katika chuo cha MIT cha Marekani, alitangaza chombo cha namna hii, kichanga sana, ambacho kilirudisha tu maneno ya msemaji kwa mfano wa swali. Katibu wake mwenyewe, aliyeiona kazi ile ikifanywa na akajua kuwa ni mashine, alianza kuzungumza nacho. Na baada ya maneno machache akamwomba Weizenbaum atoke chumbani. Weizenbaum alishtuka, na miaka kumi baadaye akaandika kitabu cha kuwaonya watu. Maana ya kisa hiki ni kwamba moyo wa mwanadamu humwelekea kila asikilizaye, hata akiwa hasikilizi kwa hakika. Basi mama azungumzaye na simu usiku wa manane asilaumiwe. Na waulizwe waliolala: kwa nini hakupata mwingine wa kuzungumza naye?

FASILI YA NNE
Katika shubha na majawabu yake

Akisema msemaji: "Mtoto huyu kaumbwa hivyo na Mola wake, aachwe kama alivyo, na vyombo hivi vya kigeni visiingizwe nyumbani."

Jawabu: Kuridhika na maumbile ya mtoto ni sawa, na kumwacha bila ya malezi si kuridhika bali ni kupuuza. Kipofu ameumbwa kipofu, na hakuna asemaye kuwa ni kumkosea Mungu kumshika mkono. Tena katika Surat Abasa Mwenyezi Mungu alimkumbusha Mtume wake mwenyewe juu ya kipofu aliyemjia kutaka kufundishwa, ingawa siku hiyo palikuwapo wakubwa wa Makureshi. Mwenye upungufu ana haki ya kufundishwa, na haki yake haicheleweshwi kwa ajili ya wenye cheo. Ama ugeni wa chombo si hoja: miwani ilikuwa ngeni, na sindano ya tabibu ilikuwa ngeni. Chombo hupimwa kwa kazi yake na kwa madhara yake.

Akisema mwingine: "Kama ni hivyo, chombo kimesoma kuliko mama na kuliko daktari wa wilaya, basi na kiamue, nao wafuate."

Jawabu: Hapana. Katika sheria mwenye kujitia utabibu bila ya kujulikana kwa utabibu, akadhuru, huwa mdhamini wa madhara yake. Ndivyo alivyofundisha Mtume s.a.w. Chombo hakina dhamana. Hakisimamishwi mbele ya kadhi, hakilipi diya, hakilali macho kwa majuto. Na lisilo na mdhamini haliwezi kuwa lenye kuamua. Dhamana yote humrudia aliyekitumia. Kwa hiyo kikisema, "Punguza dawa ya kifafa," au, "Huyu ana usonji," au, "Huyu hana," hiyo si hukumu, bali ni maneno ya kupelekwa kwa tabibu. Shirika la Afya Duniani, katika maelekezo yake ya mwaka 2021 juu ya akili mnemba katika afya, nalo liliweka sharti kuwa mwanadamu abaki ndiye mwenye kuamua. Na mwaka 2024 likatoa maelekezo mengine juu ya vyombo hivi vyenye kutunga maneno, likaonya kuwa huweza kutoa maelezo ya uwongo yenye sura ya kweli.

Akisema wa tatu, naye ndiye mwenye shubha nzito: "Mume aliyenunua simu nzuri kwa fedha ya korosho, akaijaza bando kila wiki, akamwambia mkewe akiulize chombo kila ashindwalo, amekwisha kutimiza wajibu. Wake wa zamani hawakupata hata hivyo."

Jawabu: Huyu amechanganya nafaka na kusaga. Mtume s.a.w. alifundisha kuwa kila mtu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, na mwanamume ni mchunga wa watu wa nyumba yake. Mchunga hupewa fimbo, lakini haulizwi juu ya fimbo. Huulizwa juu ya kondoo. Fedha ni sehemu ya ulezi wala si ulezi wote. Al-Aqra' bin Habis alimwona Mtume s.a.w. akimbusu mjukuu wake, akasema kuwa yeye ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja. Akajibiwa kuwa asiyerehemu hatarehemiwa. Hakuambiwa kuwa watoto wake wana njaa au hawana nguo. Alilaumiwa kwa kile ambacho mali hainunui.

Hapo ndipo ilipo hukumu ya mas'ala haya yote. Chombo kikimpunguzia mama mzigo, ni neema na ni halali kukitumia. Kikimpunguzia baba wajibu, kimekuwa njia ya khiyana. Na mambo hayo mawili huweza kutokea katika nyumba moja, kwa simu moja, usiku mmoja. Kwa hiyo mtu asikitazame chombo tu, na aitazame nafsi yake baada ya chombo kuingia: je, amemkaribia mtoto au amemwepuka kwa udhuru mpya?

FASILI YA TANO
Katika zingatio na mfano

Nchi ya Nachingwea inayo ibra yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, kuanzia mwaka 1947. Yaliletwa matrekta mengi, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa, na ikajengwa reli kutoka Mtwara mpaka Nachingwea. Walikuwa na mashine na fedha, lakini hawakuijua ardhi wala mvua, wala hawakuwauliza vya kutosha waliozaliwa juu yake. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na hasara ilihesabiwa kwa mamilioni ya paundi, yapata 36. Reli nayo ikang'olewa katika miaka ya 1960. Basi watu wa Nachingwea ndio wa mwisho wa kuhitaji kuambiwa kwamba mashine yenye nguvu, isiyoijua ardhi, huiharibu. Na mtoto ni ardhi ambayo kila moja ni ya peke yake.

Iko na ibra ya pili, ya karibu zaidi. Kuanzia mwaka 2010, katika wilaya sita za Lindi na Mtwara, Nachingwea na Ruangwa zikiwamo, wanavijiji waliojitolea walifundishwa kuwatembelea wajawazito na wazazi majumbani, katika mpango ulioitwa Mtunze Mtoto Mchanga. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2015. Usafi wa kuzalisha nyumbani na desturi ya kunyonyesha vilitengenea. Walakini vifo vya watoto wachanga havikupungua, kwani nasaha njema nyumbani haiwi badala ya hospitali njema. Hapa pana mafundisho mawili. La kwanza: mtu wa jirani aingiaye mlangoni hubadilisha desturi za nyumba. La pili: nasaha peke yake, hata itolewe na mwanadamu mwenye huruma, ina mpaka wake. Na kama nasaha ya mwanadamu ina mpaka, ya chombo ina mpaka zaidi.

Na upigwe mfano. Mtu mmoja wa kijiji katika Ruangwa ana mtoto wa miaka sita asiyesema. Mtoto hupiga kichwa ukutani siku nyingine, na siku nyingine hutulia, na hakuna ajuaye sababu. Mama akakiuliza chombo. Kikamtajia sababu kumi, zote za kweli kwa watoto wa dunia, na hakuna iliyokuwa ya mtoto yule. Lakini kilimwambia jambo moja la manufaa: aandike kila siku kile kinachotangulia. Mama hakuwa na nafasi ya kuandika. Akamwambia mumewe, "Bwana, niandikie wewe, mimi mikono yangu imejaa." Mume akaona haya kukataa. Ikampasa akae nyumbani jioni, amtazame mtoto, aandike. Baada ya siku kumi na mbili akaona katika daftari yake kile ambacho hakuna mwingine alikiona: mtoto hupiga kichwa siku ambazo mashine ya kusaga ya jirani hufanya kazi. Tangu hapo, ikiwashwa mashine, baba humchukua mtoto mkono kwa mkono mpaka chini ya mkorosho ulio mbali, wakakaa wawili mpaka izimwe.

Nani aliyemsaidia mtoto huyo? Chombo kilitoa neno moja. Neno lile lilikuwa na faida kwa kuwa lilimvuta baba ndani. Lau angelisema, "Kiulize tena," mpaka leo mtoto angekuwa anapiga kichwa, na mama angekuwa na sababu kumi nyingine.

FASILI YA SITA
Katika sharti za kukitumia

Kwa yaliyotangulia, atakayekitumia chombo hiki katika ulezi na azishike sharti hizi.

Kwanza, mtoto aonwe na tabibu, apimwe masikio, na achunguzwe kifafa, kabla ya kukitegemea chombo kwa lolote. Na dawa isibadilishwe kwa neno lake.

Pili, kila nasaha yake ipimwe kwa jicho la mama na kwa mtu mwenye ujuzi, awe mwuguzi wa zahanati au mwalimu. Katika Zanzibar mpango wa Serikali uitwao Jamii ni Afya umewapa wahudumu wa kujitolea simu za kuwaongoza katika maswali na nasaha wanapozunguka nyumba kwa nyumba. Huo ndio utaratibu wa kuigwa: chombo mkononi mwa mtu, na mtu mlangoni.

Tatu, siri ya mtoto ihifadhiwe. Mtoto ana sitara kama mtu mzima. Picha yake akilia akiwa uchi, jina lake, maradhi yake, haya si ya kutiwa katika chombo ambacho mwenye kukimiliki yuko ng'ambo. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda taarifa za watu, na za afya zina ulinzi mkubwa zaidi. Na kabla ya sheria hiyo Uislamu ulikwisha kukataza kufichua aibu za watu. Mtoto asiyeweza kusema hawezi kutoa idhini. Kwa hiyo walii wake awe mchungu zaidi wa siri yake.

Nne, simu isifanywe yaya. Maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ni kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asitazamishwe kioo kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne asizidishiwe saa moja kwa siku. Mtoto wa usonji huvutwa upesi na kioo na hukitoka kwa shida. Chombo ni cha mlezi kujifunzia, au cha mtoto kusemea, wala si cha kumnyamazisha.

Tano, baba awe na zamu yake. Iwe ni saa moja inayojulikana kila siku, ambayo mtoto ni wake na mama apumzike. Asiyeweza saa moja na aanze kwa nusu.

Sita, jamaa wa msikiti nao wana sehemu. Mtume s.a.w. alikuwa akisikia mtoto analia nyuma ya safu, naye akiwa katika Sala, huifupisha kwa kumhurumia mama yake. Hakusema mtoto atolewe. Basi mtoto wa usonji akija msikitini akapiga kelele au akapanga viatu vya watu mstari mmoja mlangoni, asikaripiwe, wala baba yake asitazamwe kwa jicho la kumtoa. Mtu mmoja katika safu ya nyuma amshike mkono, Sala iendelee. Msikiti ukimfukuza mtoto, humfukuza na baba yake. Na baba akifukuzwa hujificha. Na akijificha, hapo ndipo simu inapobaki kuwa jamaa ya pekee ya mama.

KHATIMA

Imebainika kuwa kukitumia chombo hiki kwa sharti zake ni jambo la halali lenye faida, na khasa kwa walio mbali na mabingwa, kama walivyo watu wa Nachingwea na Ruangwa. Na imebainika kuwa amana haihamishiki. Ilimu huazimwa, na fedha huazimwa, na maneno huazimwa. Ama mkono unaomshika mtoto mashine inaponguruma, huo hauazimwi.

Aliye na mtoto wa namna hii na ajue kuwa hakupewa adhabu wala hakupewa aibu. Amepewa amana nzito kuliko za wenziwe, na uzito wa amana ni kwa kadiri ya dhana njema ya mwenye kuiweka. Na asiye na mtoto kama huyo na amtazame jirani yake aliye naye, aulize ni lini mama yule alilala usiku mzima, kisha amtume mkewe au dada yake kwenda kumpokea kwa siku moja. Hilo ni jepesi, wala halitaki chombo.

Mwenyezi Mungu awape wazazi hao subira isiyokatika, na awape watoto wao watu wa kuwafahamu, na awaamshe akina baba kabla hawajaulizwa. Amin.